Mzee Masereka, Dereva wa Salamu Ndefu

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye usukani wa magari ya serikali, Mzee Crispus Masereka anastaafu tarehe 30 Novemba 2018. Ofisi yetu ya Bwera imejaa shangwe, na wengine tunajikaza tusilie!

Mzaliwa huyu wa Mahango alianza na lori la dawa la kwenda Kyarumba, baadaye akakabidhiwa basi. Kero yake tuliijua sote: hawashi injini kabla ya kumsalimu kila abiria, na salamu zake haziishii kwa abiria. Ataulizia mama mkwe, maharage shambani, hadi mbuzi. Tumechelewa mikutano mingi kwa sababu ya mbuzi wa watu.

Ikaja Julai 2016. Mapigano yalipozuka Juba, serikali ilituma msafara wenye ulinzi wa jeshi kuwarudisha raia wa Uganda, na Masereka akajitolea kuendesha basi moja. Huko Juba, Alisi, muuza maharage kutoka Kyarumba, alikuwa amejifungia ghalani na wenzake, mtoto mchanga mgongoni. Waporaji wenye bunduki walikuwa wameshawagongea mlango huo. Sasa aliyegonga ni afande wa msafara, naye akifoka: "Toka inje! Ingia gari, mbio!" Nani angefungua? Na magari ya mbele yalikuwa yameanza kuondoka.

"Afande, ngoja kidogo," Masereka akasema. "Mutu ya kwetu unasalimia kwanza."

Alikuwa ameambiwa kuwa ndani kuna watu wa Kyarumba. Akausogelea mlango, akaanza salamu kwa Lhukonzo, lugha ya kwao. Wabukire! Nyumbani hawajambo? Mama mkwe je? Mvua imenyesha Kyarumba? Sauti ya Alisi ikaitikia kutoka ndani, kwanza kwa woga, kisha kwa kicheko. Walipofika kwenye mbuzi, komeo likafunguliwa, na wote wakatoka salama! Afande mwenyewe ndiye aliyembeba mtoto hadi kwenye basi.

Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumharakisha Masereka.

Mzee wetu, asante sana. Tunakuombea afya njema, kahawa yenye mavuno mengi na wajukuu wa kukuchosha. Alisi amekuja na gari lake jipya la kubebea kahawa ili akufikishe nyumbani Mahango. Safari hii abiria ni wewe. Ila usiwe na haraka. Injini bado haijawashwa, na Alisi anataka kwanza kujua mbuzi wako wanaendeleaje.