Simu Iliyonisikiliza Mpaka Nikasema

Mwenyekiti, wazazi wetu, na nyinyi ndugu zangu mlioketi hapa pamoja na wale wanaowatunza, nashukuru kwa kunipa nafasi. Kabla sijaanza naomba kitu kimoja. Nikikwama katikati ya neno, tafadhali msinimalizie. Neno liko, linakuja tu polepole. Naona wengine mnacheka, kwa hivyo mnajua ninachosema.

Mimi ni afisa wa kilimo. Nilizaliwa Matulo, kule karibu na Webuye, nikaolewa hapa Kitale kwa familia ambayo wazee wao walitoka upande wa kati wa nchi wakaja kulima huku. Shirika ninalofanyia kazi linahudumia wakulima wa mahindi, kuanzia Moi's Bridge mpaka Tongaren. Unaenda kwa shamba, unaangalia mmea, unaangalia udongo, unaongea na mwenye shamba, halafu unarudi ofisini unaandika ripoti. Ile sehemu ya shambani niliipenda sana. Ile ya ripoti ilikuwa inanimaliza. Mchana niko kwa matope, jioni niko kwa kompyuta najaribu kukumbuka niliyoyaona asubuhi, na kesho yake yanaanza upya. Ofisi nzima tuliishi hivyo. Tulidhani kazi ndivyo ilivyo.

Asubuhi moja, wakati wa palizi, nilikuwa kwa meza yangu naandika. Mkono wa kulia ukaacha kuandika. Haukuuma. Uliacha tu, ukalala pale juu ya meza kama kitu cha mtu mwingine. Mwenzangu tunayeketi naye akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamjibu. Yaani mimi nilijua nimemjibu. Nilisema niko sawa, nisaidie tu na maji. Lakini niliona vile uso wake ulibadilika, nikajua kilichotoka kinywani mwangu hakikuwa maneno.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna upweke kama huo. Ndani ya kichwa uko vile vile. Unajua jina la kila mdudu anayekula mahindi. Unajua ni nini unataka kusema, na unakisema, na watu wanakuangalia kama umeongea lugha ya mbali.

Daktari alisema ni kiharusi. Presha ilikuwa imepanda bila mimi kujua. Mguu ulirudi mapema, namshukuru Mungu. Mkono ulirudi nusu, mnaona bado nashika maiki na wa kushoto. Ulimi ndio ulibaki nyuma.

Bosi wangu alikuja kunitembelea nyumbani. Ni mtu mzuri, hata leo nasema hivyo. Alikunywa chai, akaangalia chini, akasema, "Madam, kazi yetu ni ya kuongea na kuandika. Wewe pumzika kwanza. Mavuno yakifika tutakaa chini tuone itakuwaje." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulinitisha. Mtu hakuongeleshi kwa upole hivyo kama anatarajia kukuona kwa dawati lako.

Nyumbani nilipendwa. Siwezi kusema vingine. Mume wangu, watoto, majirani, akina mama wa kanisa, wote walikuja. Lakini mkimpenda mgonjwa wa namna yetu, mnamsaidia mpaka mnamnyamazisha. Nikianza kusema, "Nataka ch...", mmoja anasema chai, mwingine anasema choo, na wote wawili wanasimama. Kumbe mimi nilitaka chumvi. Mwishowe nikaona afadhali ninyamaze. Nikawa mtu wa kutikisa kichwa. Nilitikisa kichwa muda mrefu, ndugu zangu, mpaka nikaanza kusahau kwamba niliwahi kuwa mtu wa maneno.

Aliyenitoa hapo ni dada yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu wa sekondari Bungoma, na ni mtu hana kona, anasema mambo moja kwa moja. Alikuja Jumamosi moja, akaniangalia nikitikisa kichwa tangu chai mpaka chakula cha mchana, kisha akamwambia mume wangu, "Huyu nitaenda naye."

Mume wangu akasema, "Lakini dada, hospitali yake iko hapa."

"Hata Bungoma kuna hospitali. Hapa mnamhurumia sana."

Tukaenda. Bungoma nilipata mtaalamu wa kufundisha watu kusema tena, kijana mpole sana, na nikienda kwake nilijitahidi. Lakini kwake ni siku moja kwa wiki. Hizo siku zingine dada yuko shule, mimi niko kwa kiti, na nyumba imenyamaza.

Sasa, dada yangu alikuwa ameanza kutumia hizi programu za AI, hiyo akili bandia watu wanaongea juu yake, kuandaa masomo. Siku moja alirudi kutoka shule jua bado likiwa juu, akaweka simu yake mbele yangu mezani. Akasema, "Unaona hii? Zamani nilikuwa nakula wikendi yangu yote nikiandaa kazi ya wiki. Siku hizi naiambia ninachotaka kufundisha, inaniandalia, mimi nasahihisha. Na inasikia Kiswahili. Ongea nayo."

Nikatikisa kichwa.

"Ongea nayo," akasema. "Haitakuhurumia. Haijui kuhurumia."

Nikajaribu neno langu la kazi, mahindi. Simu ikaandika "mandazi." Nikarudia. Ikaandika "mahari." Dada akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikajikuta nacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nicheke tangu nianguke. Halafu nikajaribu kusema nataka kula. Ikaandika "Nataka kura." Nikamwonyesha dada kwa huzuni, kwamba ona vile ulimi umeharibika. Akaangalia, akasema, "Hiyo si kiharusi, bana. Hiyo ni Matulo. Sisi wa huko l na r tunazichanganya tangu utotoni."

Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Kitu kilichonishika si kwamba ilikosea. Ni kwamba ilingoja. Nilikuwa nasema nusu ya neno, natafuta ile nusu nyingine, natoa jasho, na kile kitu kiko pale tu. Hakikuangalia saa. Hakikunimalizia. Hakikuwa na yale macho ya huruma. Mnajua yale macho ninayosema. Nikakosea, kikaandika kosa langu kama lilivyo, kikangoja tena. Nikaanza kukaa nacho kila siku dada akienda shule. Nasema, naangalia kimeandika nini, nasema tena. Yule mtaalamu wa hospitali alinipa maneno ya kufanyia mazoezi, na simu ikawa kama kioo cha ulimi. Nilikuwa naona kwa macho yangu ni wapi neno linaharibika.

Siku ilipoandika "mahindi," na si kitu kingine, sikufanya chochote. Nilikaa tu nikiliangalia lile neno. Nilikuwa nimeliandika maelfu ya mara kwa ripoti bila kuliona. Sasa liko hapo, limetoka kinywani mwangu, limepita hewani, limesikika. Nilishangaa hata kwamba binadamu wanaongea. Yaani jambo hili tunalofanya tangu utotoni bila kufikiri, jameni, ni kubwa.

Dada aliporudi nikamwonyesha. Akasema, "Sasa tufanye kazi."

Akanifundisha hatua nyingine. Akasema, usiseme neno moja moja, ongea habari yote hata kama imevunjika, kisha iambie iipange iwe ripoti. Nikachagua shamba moja la Tongaren ambalo nilikuwa nimelitembelea wiki ile niliyoanguka, na ripoti yake haikuwahi kuandikwa. Nikaanza. Shamba, mteremko. Majani, manjano, chini. Udongo, labda chachu. Pima. Mvua ilikuwa kubwa. Ilinichukua karibu mchana mzima, na mambo mengine nilirudia mpaka nikachoka.

Kisha nikabonyeza, na ile programu ikapanga. Nikaiambia inisomee kwa sauti.

Ndugu zangu, sisi tuliolelewa kanisani hatupendi kuita kila kitu muujiza. Lakini nitaiitaje? Nilisikia mimi. Si sauti yangu, sauti ilikuwa ya mashine, lakini yale mawazo, ule mpangilio, yule afisa anayetembea kwa mteremko akiangalia majani ya chini, alikuwa mimi. Nilidhani huyo mtu alikufa pale kwa meza ya ofisi. Kumbe alikuwa ndani wakati wote, amekosa mlango. Machozi yalikuja, sikuyafuta.

Halafu ikafika mwisho wa ripoti, ikasoma kwamba mkulima ameshauriwa aweke chokaa shamba lote mara moja.

Sikusema hivyo. Mimi nilisema pima. Udongo upimwe kwanza, kwa sababu ukimwaga chokaa mahali haihitajiki unaharibu shamba la mtu. Mashine iliona udongo chachu, yaani wenye asidi nyingi, na chokaa ndiyo huipunguza, ikajiongezea yenyewe. Imesema kitu ambacho mimi singesema hata kidogo, na imekisema kwa lugha nzuri, kwa ujasiri kabisa, ati ni mimi.

Nikasema, "Hapana."

Dada alikuwa jikoni. Akauliza, "Nani amesema?"

"Hapana," nikasema tena. "Sikusema. Hivyo. Apime kwanza."

Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Nilikuwa nimekasirika sana hata sikujua nimeongea. Lilikuwa neno safi, halikuvunjika popote. Dada alikuwa analia, na mimi nilikuwa bado nabishana na simu.

Hapo ndipo kitu kiligeuka. Mpaka siku ile nilidhani mashine ndiyo itakuwa na akili kwa niaba yangu, na mimi nitakuwa nyuma yake. Siku ile niliona wazi. Ile inaandika haraka kunishinda, inapanga vizuri kunishinda, lakini haijawahi kushika udongo. Ni mimi nimeushika. Kiharusi kilinipokonya maneno, hakikunipokonya shamba.

Nilikaa Bungoma mpaka mahindi yakakauka. Wikendi nilikuwa naenda Matulo kwa mama, kwa sababu kuna kitu ambacho ile simu haikuweza. Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani, haikukijua vizuri. Ilikuwa inaandika vitu vya ajabu. Kwa hivyo Kibukusu nilikirudia kwa mama yangu mzazi, vile vile alivyonifundisha mara ya kwanza. Yeye anaambua maharagwe, anasema neno, mimi nasema. Mama ana umri mkubwa. Hakuwahi kufikiri atafundisha mtoto yule yule kusema mara mbili, na hakulalamika.

Nikarudi Kitale. Nikamwomba bosi tuende shamba moja pamoja kabla ya kukaa chini kuona itakuwaje. Tukaenda upande wa Moi's Bridge. Nilimsalimia mwenye shamba, tukaongea, polepole lakini tukaongea. Yule mzee alikuwa na subira. Kisha nikasimama pale pale katikati ya mahindi, simu mkono wa kushoto, nikasema nilichokiona. Programu ikapanga. Nikaisoma ripoti yote, nikatoa sentensi moja iliyojiongezea, nikamsomea mzee ili akubali kwamba ndivyo tulivyoongea. Jina lake sikuliweka humo, hayo tunayaandika kando. Nikamtumia bosi, yeye amesimama hapo karibu.

Akaangalia simu yake. Akasoma, akasoma tena. Akaniuliza, "Imeisha?"

"Imeisha."

"Na mzee amesikia yote?"

Mzee akajibu mwenyewe, "Nimesikia. Siku zingine mnaenda na maneno yangu, sijui mnaandika nini huko."

Tukamuaga mzee, tukarudi kwa gari. Bosi akasema, "Madam, Jumatatu uje ufundishe hawa wengine."

Na ndivyo imekuwa. Ofisi yetu siku hizi tunaandika ripoti shambani, mbele ya mkulima, tukisoma kila mstari kabla ya kutuma. Tunafikia mashamba mengi kuliko zamani, na jioni watu wanaenda kwao jua likiwa bado liko. Mimi ambaye nilikuwa natolewa kazini ndiye niliyewaonyesha. Bado nikifikiria hilo nashindwa kuelewa vizuri.

Sasa funzo, kisha nikae. Msiogope hivi vitu vipya, na msiviabudu. Vipe kazi ya mikono, akili na ukweli ubaki navyo wewe. Na wewe ambaye ulimi umekuwa mzito, ongea. Ongea vibaya, ongea na simu, ongea na ng'ombe, lakini usikubali kutikisa kichwa tu. Na nyinyi mnaotutunza, pendo lenu tunaliona. Tupeni nafasi tufike mwisho wa sentensi.

Namshukuru Mungu. Nashukuru yule mwenzangu wa ofisi aliyenikimbiza hospitali, daktari, yule kijana wa Bungoma aliyenifundisha sauti moja moja, na bosi wangu aliyekubali kusimama kwa jua akiningoja. Nashukuru mama. Nashukuru dada yangu, ambaye amekataa kuja leo ati nitamsifu.

Na mume wangu, ameketi pale nyuma. Hapa tumekubaliana hatutaji majina, kwa hivyo sitamtaja. Lakini nyumbani nalitaja jina lake kila asubuhi, hata kama sina la kumwambia. Anauliza, "Unataka nini?" Namwambia sitaki kitu. Nilitaka tu kulisikia likitoka, na yeye akiitika.