Neno Baada ya Kumeza

"Ati ulicheka? Kwenye mazishi ya mkeo?"

Loretta, nesi anayewanywesha waraibu methadoni, dawa ya kuwaachisha uraibu, kliniki, alivuta kofia usoni. Kiti cha mbele yake, dada mmoja alikuwa akimbana Mzee Harlan kwa maswali, na basi zima likajifanya linatazama theluji.

"Nilicheka, mwanangu. Tangu nivunjike mgongo mgodini, vidonge vya maumivu vilishauteka ubongo. Naona jeneza, nasikia raha. Binti yangu Tessa hajanisemesha tena."

"Usivisingizie vidonge, mzee. Mdomo ulikuwa wako."

"Wangu huuhuu. Ndiyo maana kliniki, nesi akitaka niseme neno ajue nimemeza dawa, namtaja Tessa."

Basi likasimama. Miaka miwili Loretta amelisikia jina hilo kila asubuhi, naye hujibu, "Haya, anayefuata!"