Fundi Ngoja na Ukuta wa Mwezi wa Nne

Ndugu, jamaa na majirani, haya ni maisha ya baba yetu, mwashi, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Ngoja. Nayasoma mimi, bintiye mkubwa. Naomba mnivumilie nitakapofika pagumu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya saba wa mchoma matofali na mkewe. Alizaliwa katika chumba kilichokuwa nyuma ya tanuri, na bibi alizoea kusema kwamba mtoto huyu alinusa moshi kabla ya kuonja maziwa.

Alianza shule mwaka 1958 na kuishia darasa la sita, mwaka 1963. Hakuwa mwepesi wa kusoma, lakini jicho lake halikudanganyika. Siku moja alimwambia mwalimu wa hesabu kwamba ubao umetundikwa upande. Alichapwa viboko viwili kwa utovu wa adabu. Darasa lilipotoka, mwalimu alichukua rula akapima: ubao ulikuwa umeinama kwa upana wa kidole. Kesho yake wanafunzi waliukuta umenyooka.

Mwaka 1964 alianza kujifunza uashi kwa mjomba wake, na kuanzia 1970 alijitegemea. Jina la Ngoja alilipata kazini. Mtu akimjia na haraka zake wakati wa mvua, marehemu alichimba shimo la kina cha mkono pale kiwanjani, akalifunika kwa bati, akarudi siku ya pili. Akikuta maji chini, alifunga mfuko wake wa vifaa. "Ngoja," alisema. "Ardhi bado inakunywa." Jua kali la kiangazi nalo hakuliamini. Alisema linanyonya maji ya saruji kabla haijashika, ukuta ukaonekana mgumu kwa nje, kumbe ndani ni unga. Aliyelazimika kujenga wakati huo aliamriwa aufunike ukuta kwa magunia na kuumwagilia maji asubuhi na jioni, siku saba. Wakati alioupenda ni yale majuma mvua zinapokatika, ardhi imeshiba na kutulia, na jua bado lina huruma.

Watu walimtania: "Fundi, ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Tumbo lina dawa," alijibu. "Msingi ukizama, utaunywesha nini?"

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 7 Agosti 1976. Harusi ilikuwa iwe mwezi wa tano, ila lipu ya chumba chao ilikuwa bado mbichi. Mama husema mpaka leo, "Wenzangu walisubiri posa. Mimi nilisubiri lipu." Walijaliwa watoto wanne, nasi tulikulia katika nyumba isiyo na ufa.

Sasa nimefika pagumu.

Mwaka 2019 mimi na mume wangu tulihamia nyumba yetu mpya. Wakwe zangu walikuwa waje kuiona Jumamosi, tarehe 27 Aprili. Uwanja ulikuwa umeinamia kwa jirani yetu, mama mshonaji. Nilitaka ujengwe ukuta upande huo, kisha nijaze udongo, uwanja uwe sawa. Baba alichimba shimo lake. Kesho yake alitia mkono, maji yakamfika kwenye kifundo.

"Ngoja mwezi wa sita, mama," akaniambia.

"Baba, wageni hawangoji."

"Si watauona uwanja? Kuna ubaya gani?"

"Wataona tope!" Kisha nikasema: "Kama umri umekushinda, sema, nitafute fundi kijana."

Alijifuta tope mkononi. Halafu akauliza, "Mchanga uko wapi?"

Alijenga siku tano chini ya turubai. Alipoondoka aliacha agizo moja: "Usimwage udongo mpaka nirudi kuukagua. Ukuta huu bado mchanga." Mimi Alhamisi nikamwaga malori mawili. Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Jumamosi saa saba mchana, mama mkwe akiwa ananawa mikono, ukuta ulianguka juu ya chumba cha kushonea cha jirani. Jirani alikuwa ametoka dakika ile ile kuanua nguo. Hilo ndilo lililomwokoa. Cherehani ilivunjika, na nguo za wateja wake zilifukiwa na tope.

Majirani wakajaa. Mama mshonaji alilia, akapiga kelele: "Fundi gani huyu? Miaka yote ngoja, ngoja! Kumbe anajua kungoja tu, kujenga hajui!"

Baba alifika mbio, ndala mkononi. Aliutazama ule udongo. Alinitazama mimi, akamtazama mama mkwe aliyesimama kando yangu. Kisha akasema mbele ya wote, "Nilikosea vipimo. Nisameheni."

Mimi nikaingia ndani kukusanya sahani.

Mwezi wa sita alikijenga upya chumba cha mama mshonaji kwa mikono yake. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuenea. Tangu hapo hakuna aliyemwita kujenga nyumba. Aliitwa kuziba nyufa za vyoo. Kila wiki nilikwenda kumwamkia, na kila wiki nilinyamaza.

Kifua kilianza kumsumbua Januari 2022, kwa vumbi la saruji la miaka mingi. Aprili mwaka huu alilazwa, na siku moja nilijikaza.

"Baba, ule ukuta."

"Ukuta gani?"

"Ule wangu."

"Mwiko aliushika nani?"

"Nilikulazimisha. Na udongo niliumwaga mimi."

"Udongo niliuona," akasema. "Na maji ya shimoni niliyaona pia, nikajenga. Fundi hasemi alilazimishwa." Akaomba maji ya kunywa.

Nilimpa maji, na moyoni nikaona nafuu kwamba mazungumzo yamekwisha. Hiyo nayo ni aibu yangu.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mama akimkanda miguu. Jioni ile mama alinipa karatasi na kalamu niandike maisha haya. Nikamwambia mdogo wangu ndiye mwenye sauti nzuri, asome yeye. Mama akasema, "Sitafuti sauti. Utasoma wewe, na usome yote." Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua.

Mama mshonaji, nimekuona hapo ulipokaa. Vipimo vya baba havikuwa na kosa. Yeye alijihesabia kosa la kukubali kujenga wakati usiofaa. Mengine yote ni yangu: haraka, maneno yale, udongo ule, na miaka mitano ya kumwacha mzee atembee na lawama yangu. Nakuomba radhi. Yeye siwezi tena kumwomba.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na nyumba nyingi ambazo watu wanalala ndani yake bila hofu.

Apumzike kwa amani baba yetu, fundi wa kweli. Na kuanzia leo, atakayetaja ukuta ule, ataje jina langu.