Walter Omwenga na Chupa Mbili za Manga

Kwa heshima zote zinazostahili, uongozi na wafanyakazi wa Chuo cha Wasaidizi wa Afya wanatangaza kwamba kile kiti cha Chumba Namba Tatu, chenye mguu uliofungwa waya, sasa kiko wazi. Waombaji wasisukumane.

Aliyekikalia ni Bwana Walter Omwenga, mwalimu wetu wa takwimu za afya, anayestaafu tarehe 31 Desemba 1978 baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi. Mwenyewe ametutaka tuandike "takribani", kwa sababu siku alizougua hazijatolewa. Haya, takribani.

Alizaliwa Kenyenya, na mwaka 1957 akaanza kazi maabara, akitafuta mayai ya minyoo kwenye darubini. Kazi hiyo humfanya mtu akitilie shaka chakula. Yeye ilimfanya atilie shaka kila kitu. Alipopelekwa kusomea takwimu, akarudi mwaka 1964, shaka ilikuwa imepata cheti.

Wote waliopita mikononi mwake wanalikumbuka somo la zizi. Ukipima watu wachache, alisema, huupati ukweli wenyewe. Unajenga zizi na kusema, ng'ombe yumo humu. Ukijenga mazizi mia kwa njia hiyo hiyo, karibu tisini na tano yatakuwa na ng'ombe ndani, na matano hivi yatakuwa matupu. Je, la kwako ni lipi? Hapo alitafuna kijiti cha kiberiti mpaka darasa zima likaanza kutokwa jasho. Kisha akaja na makosa mawili: la kwanza, kupiga kamsa na mwizi hayupo, la pili, kunyamaza ilhali ng'ombe anaswagwa. Ukizidi kuliogopa moja, unalifungulia mlango lingine. Bwana Omwenga aliyaogopa yote mawili sawasawa.

Hofu hiyo ilipata kazi mwaka 1968. Chuo kililetewa shehena ya dawa mpya ya minyoo, ya maji, ijaribiwe kwanza kabla ya kugawiwa zahanati zote kuanzia Ogembo hadi Nyamira. Bwana Omwenga alipanga utafiti ambao hata leo ukiusoma unapendeza. Alichagua maboma ya wake wengi huko Manga. Katika boma moja, kura ingeamua watoto wa nyumba ipi wapewe dawa na wa nyumba ipi wapewe maji ya sukari yenye rangi ile ile. Mama hakujua chupa yake ina nini, mgawaji naye hakujua. Baba mmoja, udongo mmoja, choo kimoja: tofauti ikitokea, ni ya dawa. Akina mama walielezwa, wakakubali, wakaahidiwa kwamba mwishoni kila mtoto atapata dawa yenyewe. Mzee mmoja wa kanisa la Sabato aliuliza kama kura si kamari. Alikumbushwa kwamba Mathiya alipata utume kwa kura, akarudi kwenye chai yake.

Matokeo yakaja. Kati ya watoto mia wa dawa, waliobaki na minyoo walikuwa pungufu kwa wawili tu, ukilinganisha na mia wa sukari. Zizi lenyewe lilianzia saba pungufu hadi watatu zaidi, na sifuri ilikuwa imelala humo ndani, imeshiba. Kwa hiyo dhana kwamba dawa haina tofauti na maji ya sukari haikuweza kukataliwa. Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Okemwa, aliisoma kwa kifupi zaidi: dawa haifai, shehena irudishwe. Ripoti ikapigwa chapa. Ilibaki sahihi ya Bwana Omwenga tu, na baada ya sahihi hiyo, kupandishwa cheo.

Hakutia sahihi. Kutomwona ng'ombe, alisema, si kusema amekufa. Kwa wiki nzima alikuja kazini na macho mekundu, akiuliza kila aliyepita mlangoni kama ameona kosa. Tuliona kosa moja: shati lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Mwishowe akapanda Manga kwa miguu, eti kuwashukuru wenyeji na kukusanya chupa tupu. Katika boma la kwanza alimkuta Bosibori, mke mkubwa, akichambua wimbi.

"Chupa tumeshatia mafuta ya taa, Daktari," Bosibori akamwambia. Bwana Omwenga si daktari, lakini alishachoka kukanusha. "Hata hivyo ilikuwa chupa moja tu. Ile dawa tulikuwa tunaichanganya."

"Mnaichanganya na nini, mama?"

"Na ya Kwamboka. Tunamimina zote kwa sufuria, tunakoroga, tunagawana."

"Lakini niliwaambia kila nyumba na chupa yake!"

"Uliambia masikio, hukuambia boma. Wangu wanenepe, wa Kwamboka wabaki na tumbo kama ngoma, halafu mimi niitwe mchawi?"

Kwamboka, mke mdogo, akadakia kutoka jikoni: "Na wangu wakinenepa, wewe ungenyamaza? Wewe?"

"Mimi? Ningeenda kwa chifu!"

Wakacheka wote wawili. Bwana Omwenga akaketi chini. Wivu wa wake wenza, engareka, kila mtoto wa Gusii anaujua kabla hajajua kusoma, na yeye aliusahau katika mpango wake. Alipita maboma kumi na mawili. Kumi na moja walichanganya. Katika lile la kumi na mbili wake wenza hawakuwa wakisalimiana, na humo tu ndimo utafiti ulimofuatwa kikamilifu.

Bwana Okemwa hakufurahi. "Miezi kumi na minane, Walter, unaniletea neno 'hatujui'?"

"Lile jingine ni 'haifai', bwana mkuu. Hilo ni uongo wenye sahihi."

"Na cheo chako?"

"Kingoje."

Kilingoja. Safari hii kura haikupigwa nyumba kwa nyumba bali kilima kwa kilima, boma zima upande mmoja. Mpango huo ulitaka watoto wengi zaidi, maana watu wa kilima kimoja hufanana, na mia wanaofanana hawakufundishi kama mia wa kuokoteza. Kwa mwaka mzima hakukaa akatulia. Akisikia binti wa kilima cha dawa ameolewa kilima cha sukari, alifunga safari kwenda kuuliza kama alibeba chupa. Familia mbili zilidhani amekuja kupinga mahari.

Mwaka 1971 hesabu ikakamilika: upungufu wa watoto kumi na wanane katika mia, zizi kuanzia kumi na moja hadi ishirini na watano. Sifuri ilikuwa nje, mbali na lango. Tulimpigia makofi, naye akauliza kama tuna hakika hili si moja ya yale matano. Hatukuwa nayo. Alihakikisha watoto wa vilima vya sukari wamepewa dawa iliyobaki ghalani, kisha akatia sahihi. Cheo kilikuja mwaka uliofuata, na utafiti huo unafundishwa hapa chuoni mpaka leo, wa kwanza na wa pili, hasa wa kwanza.

Bwana Omwenga, asante kwa kutufundisha kuogopa kwa utaratibu. Nenda Kenyenya, migomba haihitaji kundi la kulinganishia. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na usingizi wa kutosha, takribani.

Wanafunzi huuliza dawa ile inapatikana wapi. Haipatikani. Kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 1970.