Mkeka na Ungo wa Mwalimu Wilhelmina

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha biolojia hapa Ifakara, Mwalimu Wilhelmina anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Mimi niliyeombwa kuandika wasifu huu nilifundisha kemia darasa la jirani, na vicheko vya vipindi vyake vilinifikia kupitia ukuta.

Wanafunzi wake hawasahau somo la protini. Alikunja mkeka wa ukindu ukasimama kama pipa, akaufunika kwa ungo. Protini, alieleza, huzaliwa ikiwa uzi mrefu wa shanga, na haifanyi kazi mpaka ijikunje ipate umbo lake. Lakini ndani ya seli kumesongamana kama gulioni. Nyuzi zikigusana mapema hushikana mabonge. Basi baadhi huingizwa kwenye pipa, mfuniko ukarudishwa, zijikunje faragha, kama bibi harusi anavyofunikwa khanga na mashangazi zake. Iliyoharibika hufumuliwa, shanga zake zikatungwa upya.

"Na yote hayo yanatendeka ndani yako sasa hivi, wewe unayesinzia!" aliwaambia.

Nimeishi na kemia maisha yangu yote, na hadi leo nikifikiria jambo hilo mwili hunisisimka.

Siku zangu ni chache, kwa hiyo nakiri. Mikono yangu ilipoanza kutetemeka, hospitali walisema ni ugonjwa wa Parkinson. Ukoo wetu kule Namawala ukasema nimerogwa na dada yangu Katarina, anayenipikia. Kikao kikaitishwa ili afukuzwe. Nami, msomi, nilikuwa nimeshaanza kuiogopa chai yake.

Mwalimu akatokea na mkeka begani.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kuanika mpunga?" akatania Fulgensi, mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote.

"Marahaba. Nimekuja kumalizia kipindi ulichotoroka."

Akausimamisha mkeka uani, akaonyesha jinsi ulinzi wa mapipa yaliyomo ndani ya seli unavyoelemewa uzeeni, mabonge ya protini yakajikusanya ubongoni na kuleta ugonjwa kama wangu, bila mkono wa mtu. Mzee mmoja akauliza kama kila aliyekaa pale anayo mapipa hayo.

"Kila mmoja," alijibu. "Na Katarina pia."

Fulgensi akaomba chai ya shangazi yake, akaimaliza.

Mwalimu, asante. Nenda kijijini Kisawasawa ukapumzike, na afya ikusindikize. Mkono wangu unarukaruka ninapoandika haya. Katarina ameishikilia karatasi isiteleze.