Shangazi, Glasi ya Maji na Ukuta wa Chumbani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Shangazi anakabidhi funguo za ofisi yetu ya udalali wa nyumba baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Nimeombwa mimi, niliyekuwa mkuu wake hadi afya iliponigomea, niandike maneno ya kusomwa kwenye hafla. Naandika nikiwa kitandani, mito imenishikilia mgongo, na daktari ameacha kunipa tarehe za kurudi kumwona. Kwa hiyo mtanisamehe nikigusa mambo yasiyosemwa siku ya kukata keki.

Alianza kazi mapokezi. Jina la Shangazi alipewa na wateja, maana aliwakemea kama watoto wa kaka yake. Baadaye akaanza kuwasindikiza wanunuzi, na hapo ndipo tulipogundua kipaji chake: aliweza kumtajia mwenye nyumba bei ya chini kuliko aliyoitaka, na wakaagana kwa kupeana mikono.

Hakuwahi kuikashifu nyumba ya mtu. "Ukimwambia nyumba yake mbaya umemtukania mama yake," alisema. "Usimwombe apunguze. Mwonyeshe kwa nini." Alifungua kila bomba, akachungulia dari, akabandika kiganja ukutani kusikiliza unyevu, hasa nyuma ya makabati. Vijana wapya aliwaambia, "Kabati halijisukumi. Mkilikuta limekaa mahali pa ajabu, ulizeni mwezi uliopita lilikuwa wapi."

Kisha alitaja ofa yake na sababu zake, akaomba glasi ya maji. Alikunywa polepole, bila neno, mpaka mwenye nyumba azungumze. Wengi hawakuuweza ukimya ule, wakajipunguzia bei wenyewe. Ofisini tuliuita "maji ya Shangazi". Mwuza nyama mmoja aliyekuwa amekwisha kusikia habari zake naye alijimiminia glasi, wakaketi wakitazamana hadi jagi likaisha. Mnunuzi alikuwa amesinzia kwenye kochi. Mwishowe mwuza nyama alipunguza bei na kukimbilia chooni.

Wanunuzi nao walikuwa na sharti lao: marufuku kusifu chochote mbele ya muuzaji. Mwalimu mmoja, bwana harusi wa juzi, aliapa kufunga mdomo, lakini alipoona dirisha la jikoni akasema, "Hapa hapa, mke wangu, tumefika." Muuzaji akavimba kichwa. Shangazi hakupepesa macho. "Usimsikilize, baba," akamwambia muuzaji. "Hata kwenye kituo cha mafuta husema hivyo hivyo." Bei ilishuka, na mwalimu yule bado anaishi kwenye nyumba ile.

Familia nyingi mjini humu zinalala chini ya paa alilowapatia yeye. Mwenyewe amepanga chumba na sebule miaka yote. Dada yake alipofariki aliacha watoto wanne, na mshahara wa Shangazi uligeuka ada na sare. Wa mwisho alimaliza chuo mwaka jana. Sasa ana kiinua mgongo chake, na kwa mara ya kwanza ametafuta nyumba ya kununua kwa ajili yake mwenyewe.

Nyumba aliyoichagua ni yangu.

Mke wangu ameshatangulia na wanangu wawili wana makazi yao, kwa hiyo tukaitangaza. Mkubwa aliandika kwenye bango: BEI HAIPUNGUI. Shangazi alikuja peke yake, akanipa shikamoo, akazunguka vyumba. Hakubandika kiganja mahali popote. Chumbani alisimama akatazama alama za miguu ya kabati zilizobaki sakafuni karibu na dirisha, kisha akalitazama kabati lenyewe, ambalo sasa limeegemea ukuta wa nyuma. Aliona. Mtu wa kazi yake hawezi kukosa kuona. Akasema kwa sauti, mbele yangu mimi muuzaji, "Nyumba hii nimeipenda, mzee. Kitanda changu nitakiweka hapa lilipo kabati."

Akaomba maji. Nikajua sasa inakuja. Aliyanywa kwa mkupuo mmoja, akiwa wima, akarudisha glasi. "Nitatoa hiyo hiyo mliyoandika. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Nitaanzaje kubishana na wewe?"

Mwanangu mkubwa, aliyekuwa nasi chumbani, akampa mkono. Mimi nilinyamaza.

Shangazi, ukuta ule unavuta maji kutoka kwenye msingi, mvua ziwepo au zisiwepo. Fundi rangi wa kuuficha unyevu nilimwita mimi, na kabati nilielekeza mimi lisogezwe. Wanangu hawakujua kwa nini. Mke wangu alilala ubavuni mwa ukuta huo miaka mingi, akikohoa. Sisemi ndio uliomwondoa. Nasema tu kwamba alinionyesha unyevu, nikamwambia asogeze mto, fundi wa kuutengeneza ukuta nitamwita mwezi ujao. Sikumwita. Na juzi nilikuwa tayari wewe uchukue nafasi yake pale pale, kwa sababu ulinistahi kiasi cha kushindwa kufanya kazi yako.

Mkataba tunasaini wiki ijayo. Nimeomba maneno haya yasomwe kwa sauti wakati wanangu wameketi mstari wa mbele, ili pasiwe na ubishi nitakapokuwa siwezi kuujibu. Kwa kuwa wewe umekataa kutoa ofa ya chini, naitoa mimi muuzaji: bei ile punguza robo nzima. Sababu ya kwanza ni msingi, ambao lazima uchimbwe kabla hujahamia. Ya pili ulikuwa ukiitafuta kwa kila muuzaji, na kwangu ukaona haya kuitaja: mwenye nyumba ana haraka. Unajua haraka yangu ni ya nini.

Kabla ya kukubali, nenda kabandike kiganja. Robo isipotosha, omba glasi ya maji na unywe polepole kama ulivyozoea. Safari hii wanangu wataanza kusema.

Kwa niaba ya ofisi na wote waliopata nyumba kupitia kwako, nakushukuru. Uishi humo salama, Shangazi, ukuta ukiwa mkavu, na kitanda ukiweke upande wa dirisha.