Mama Rudia na Binti Anayeogopa Giza

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha uhariri, Mama Rudia anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimeombwa kumwandikia wasifu kwa sababu hakuna mwandishi aliyesumbuliwa naye kama mimi, na kwa sababu nyingine ambayo daktari wangu anaijua.

Alianza kama msahihishaji wa prufu, meza yake ikiwa karibu na mlango wa karakana ya uchapaji. Jina la Mama Rudia alipewa na waandishi waliokasirika. Yeye alilipenda, akalibandika mlangoni.

Kupima mswada alikuwa na njia moja tu. Saa ya chai aliwasomea mafundi wa mashine na akina mama wa kujalidi, kisha akanyamaza katikati ya sura na kunywa chai yake. Wakiuliza habari za zimwi au upanga wa moto, mswada ulirudi kwa mwenyewe. Wakiuliza habari za mtu, ulikwenda mashineni.

Nilipomletea kitabu cha kwanza cha mfululizo wangu, nilikuwa nimechora ramani, nimebuni falme na hata lugha ya majoka. Shujaa alikuwa mwana wa mfalme asiyejua woga. Mama Rudia alisoma, akanyamaza. Fundi mkuu akauliza kama sukari imebaki.

"Mzee wangu," aliniambia akinirudishia, "huyu haogopi chochote. Sasa mimi nimwogopee ya nini?"

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikamtoa mwana wa mfalme, nikamweka binti wa muuza taa anayeogopa giza. Ramani haikubadilika, wala majoka. Safari hii fundi mkuu aligoma kuwasha mashine. "Mama, usitufanyie hivyo bwana! Ametoka pangoni au hajatoka?"

Tangu hapo vimetoka vitabu sita. Wasomaji hawaniandikii kuhusu majoka. Wanauliza kama binti analala vizuri siku hizi.

Niungame sasa, maana sina tena muda wa kuficha: woga ule ni wangu. Tangu utotoni nalala taa ikiwaka. Mama Rudia aligundua mapema na hakumwambia mtu. Kila nilipomfanya binti jasiri kabla ya wakati wake, aliandika ukingoni mwa ukurasa: "Unamdanganya nani?"

Kitabu cha saba kilikwama. Binti alifika kwenye mlango wa mwisho, usio na mwanga upande wa pili, nami sikuweza kumwingiza. Madaktari wameniambia wazi kwamba mlango wangu nao hauko mbali. Naogopa. Niliogopa zaidi kumwacha amesimama pale peke yake, na Mama Rudia, anayejua kumvusha, anakabidhi funguo za ofisi.

Jumanne alikuja, akakaa kando ya kitanda changu. "Bado anaogopa?"

Nikasema, sana.

"Basi aingie hivyohivyo."

Mkono wangu umelegea. Nilitamka, akaandika yeye, mpaka mwisho.

Ijumaa, saa ya chai, atawasomea ninyi wa karakana sura hiyo na kunyamaza binti akiwa mlangoni. Mimi sitakuwepo, ngazi zimenishinda. Mkiuliza habari za joka, mswada urudi kwangu. Ila urudi upesi.

Ahsante, Mama Rudia. Sote tunakuombea siku ndefu za utulivu, na vitabu visivyohitaji kalamu yako. Ukipita kuniaga, usizime taa.